Nilimwambia Baba Yangu "Nimefurahi Kukufahamu"

Baba yangu mzazi alikaa mbele yangu, meza namba nne, darasani kwetu. Nikampa mkono. Nikamwambia jina langu ni Colin, nimefurahi kukufahamu.

Alikuwa ananifahamu kwa miaka kumi na saba.

Asubuhi ile ile alikuwa amenikaangia mayai.

Kabla hujaniita chizi, ngoja nikueleze ilivyoanza. Na tafadhali usinihurumie, sistahili. Stori hii nimekaa nayo miaka ishirini. Mke wangu ndiye aliyenisukuma niiandike, anasema huenda kuna kijana mahali yuko mbioni kufanya ujinga kama wangu.

Haya.

Baba anaitwa Leo Novotny. Ni kiziwi tangu ana miaka miwili, homa ya uti wa mgongo ilimwachia uhai ikachukua masikio. Kazi yake ilikuwa kiwandani, kuchapa magazeti. Kule mitambo inanguruma mpaka wazima wanastaafu na masikio yamekufa. Yeye alikuwa anasema walimwajiri kwa sababu hana cha kupoteza. Huo utani ni wake, si wangu.

Kitu pekee mtambo ulichomchukua ni kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Kilienda chote, mimi nikiwa bado sijazaliwa. Kikumbuke hicho kidole.

Mama aliondoka nikiwa na miaka saba, akaolewa Arizona. Tukabaki wawili. Tulizungumza kwa mikono: mezani, uani, hata kwenye gari kupitia kile kioo cha juu. Nilijua kuomba maziwa kwa ishara kabla sijajua kusema "maziwa" kwa mdomo.

Na nilikuwa naionea aibu hiyo lugha kuliko kitu chochote duniani.

Ilianza nikiwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa nacheza besiboli, nikapiga mpira ukaenda mbali, baba akasimama kunishangilia. Kwa sauti. Sauti ya mtu ambaye hajawahi kujisikia, hata siwezi kukuelezea. Uwanja mzima uligeuka. Wenzangu wakaiiga sauti ile wiki nzima, kwenye basi la shule, chooni, kila mahali.

Tulipohamia mji mwingine, hapa hapa Ohio, nikiwa naanza sekondari, nikaapa. Shule hii hakuna atakayejua.

Nikawaambia watu baba yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, hashindi nyumbani. Mikutano ya wazazi nilikuwa simwambii. Simu za shule nilikuwa nazipokea mwenyewe. Karibu miaka mitatu nilikula jiwe hivyo hivyo.

Ikaja Februari ya mwaka wa tatu, wakati wa kuchagua masomo ya mwaka wa mwisho.

Mshauri wetu wa masomo alikuwa Bi. Pruitt, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni na bakuli la peremende mezani ambazo hakuna aliyezipenda. Akafungua faili langu, akashusha pumzi.

"Colin, hii uhandisi unaitaka kweli au unanitania?"

"Naitaka, mama."

"Basi lugha ya kigeni iko wapi?"

Nikaangalia peremende. Kihispania kilikuwa kimenishinda mwaka mmoja nyuma. Nilipata D nikakitoroka.

"Chuo unachokiomba kinataka miaka miwili ya lugha moja," akasema. "Kinapenda pia na fizikia. Na wewe umebakiwa na mwaka mmoja tu, baba."

Shule yetu mnasoma masomo manne kwa muhula, na somo la muhula mmoja linahesabiwa kama la mwaka mzima. Ukishaweka Kiingereza, hesabu na historia, inabaki nafasi moja. Kwenye hiyo nafasi niweke fizikia, mihula yote miwili, au niweke lugha: ngazi ya kwanza kabla ya Krismasi, ya pili baada yake. Vyote haviingii.

"Bila lugha, faili lako halifunguliwi kabisa," Bi. Pruitt akasema. "Bila fizikia, angalau watalisoma. Chukua lugha."

"Sio Kihispania tena, mama. Nakuomba."

Akacheka. "Iko mpya. Tumepata mwalimu wa lugha ya ishara. Vyuo vya hapa vinaikubali kama lugha ya kigeni."

Aisee, moyo ulinilipuka.

Nikawaza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza: hii A ni ya bwerere, nimeokota dodo chini ya mwarobaini. La pili: wasijue. Wasijue kabisa.

"Ni ngumu?" nikauliza, uso mkavu.

"Kwa anayeanza, ngumu. Kwani nyumbani kwenu kuna anayeitumia?"

"Hapana."

Ilitoka kirahisi. Hata sikumeza mate.

Fomu nayo ilikuwa na swali hilo hilo. *Je, lugha hii inatumika nyumbani kwako? Ndiyo. Hapana.* Nikaweka tiki kwenye hapana. Nyuma ya fomu kulikuwa na maandishi madogo madogo, sikuyasoma. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi, nikaenda nayo chooni nikaighushi juu ya goti.

Halafu nikachukua kalamu nikaifuta fizikia kwa mkono wangu mwenyewe.

Septemba tukaanza. Mwalimu alikuwa Bi. Adair. Yeye anasikia, lakini wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, na darasani kwake ukifungua mdomo anakutoa nje.

Jamani, kujifanya hujui kitu unachokijua ni kazi. Nilikuwa nachelewesha mikono makusudi. Nakosea "asubuhi njema" makusudi. Mtu kaniuliza umri wangu, nahesabu vidole kama mtoto wa chekechea.

Jirani yangu alikuwa Trent, kijana mmoja mwenye maneno mengi. Bi. Adair akigeuka tu, yeye anatoa ile sauti. Ile ya uwanjani. Sauti ya kiziwi anayejaribu kuongea.

Darasa linacheka.

Mimi nilicheka kuliko wote.

Oktoba tukafika kwenye vyakula. Mkate, mayai, jibini, tambi. Ishara ya tambi unagusanisha ncha za vidole vya mwisho vya mikono yote miwili, kisha unavivuta mbali huku unavizungusha. Nikaifanya. Bi. Adair akasimama mbele yangu, akatazama mkono wangu wa kulia kwa muda kidogo kuzidi kawaida.

"Kidole cha mwisho," akaniambia kwa ishara. "Sio hicho cha pete."

Nikatazama mkono wangu. Kweli, kidole cha mwisho nilikuwa nimekikunja. Nikakinyoosha, nikasema samahani, tukaendelea. Sikuwaza chochote. Nilikuwa najiona mjanja wa mjini.

Siku ya mtihani wa mazungumzo ilikuwa Novemba. Bi. Adair alikuwa ameandikia barua klabu ya viziwi ya mji wetu, kuomba wageni kumi. Kila mgeni meza yake. Kila mwanafunzi anaokota namba kwenye boksi, anakaa na mgeni dakika tano, mgeni anajaza karatasi ya alama.

Klabu hiyo ndiyo klabu ya baba. Lakini mimi nilikuwa sijakanyaga kule tangu tuhamie, kila Jumamosi nina kisingizio. Wanachama wa huko walikuwa hawanijui kwa sura. Na baba alikuwa anafanya zamu ya usiku, mchana analala. Nikajihesabia salama.

Mlango ukafunguliwa.

Wakaingia wazee, akina mama, kijana mmoja mwenye ndevu. Wa nne akaingia baba yangu.

Alikuwa amevaa lile shati la bluu la harusini. Nywele kazichana kwa maji. Anatabasamu mpaka jino la mwisho.

Nikajisemea, huyu kaja kama mgeni wa klabu ili anishtukize baadaye, wakati wa chakula cha mchana, hajui kama mimi niko darasa hili. Nikainama chini ya meza kama nafunga kamba za viatu, nikafunga mpaka vidole vikauma.

Zamu yangu ikafika. Bibi wa meza ya tano akanishikia boksi mwenyewe. Nikaokota. Nne.

Tayari unajua nani alikaa meza ya nne.

Viziwi wana desturi, kila mtu anapewa jina la ishara, na huwezi kujipa mwenyewe. Mimi langu alinipa baba nikiwa na wiki tatu. Unagusa shavu la kushoto kwa kidole, kwa sababu ya kishimo nilichonacho hapo. Hakuna mwingine duniani mwenye jina hilo.

Nilipokaa, baba akanyanyua mkono kuelekea shavuni, uso umejaa furaha.

Nikamuwahi.

"Habari," nikamwambia kwa ishara, pole pole, mikono mizito kama ya mtu anayeanza. "Jina langu C-o-l-i-n. Nimefurahi kukufahamu." Nikampa mkono.

Mkono wake ulikuwa bado hewani, karibu na shavu.

Akajikuna. Akajifanya alikuwa anajikuna tu.

Kisha akaupokea mkono wangu, akaushika. Akanitazama. Nyuma yangu Bi. Adair alikuwa anapita na daftari lake. Baba akamtazama yeye, akanitazama mimi, na nikaona kabisa alipoelewa. Tabasamu halikuondoka kwa mkupuo, lilishuka kidogo kidogo.

"Nami nimefurahi," akajibu. Pole pole, kama unavyomsemesha mtoto. "Jina langu L-e-o. Unaishi na nani?"

"Na baba."

"Una ndugu?"

"Hapana."

"Baba yako anafanya kazi gani?"

Kuchapa. Ishara ninayoijua tangu nina miaka mitatu. Lakini ishara hiyo haikuwa kwenye orodha yetu, na Bi. Adair alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Sijui ishara yake," nikasema.

Baba akaniangalia. Halafu akauchukua mkono wangu, akaupanga vidole kimoja kimoja, akauweka juu ya kiganja changu kingine, akanionyesha. Hivi. Hivi. Rudia. Nikarudia. Akatikisa kichwa kunipongeza.

Alikuwa ananifundisha neno alilonifundisha jikoni kwetu nikiwa bado navaa nepi.

Dakika tano zikaisha. Meza ya pili mzee mmoja akacheka kwa sauti, cheko lile la viziwi, halijapimwa. Trent akaliiga pale pale. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Baba hasikii. Lakini macho anayo.

Jioni nilimkuta jikoni anatengeneza tambi, maana ilikuwa Ijumaa na Ijumaa tunakula tambi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Hakukuwa na ugomvi. Akaniwekea sahani, akakaa, akanitazama nikila.

"Kwa nini darasa la wanaoanza?" akaniuliza.

"Chuo wanataka miaka miwili ya lugha."

"Miwili?" Akanyoosha vidole viwili, akavitazama. "Wewe unayo kumi na saba."

Akachukua koti lake, akaenda kazini. Mimi nikabaki na sahani.

Jumatatu Bi. Adair akanizuia baada ya kipindi. Akafunga mlango. Akaongea kwa mdomo, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Weka mkono wako mezani. Wa kulia."

Nikauweka.

"Kidole chako cha mwisho kina ugonjwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Kinauma?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unakificha? Tambi unakificha. Kila ishara ya kidole hicho unakificha, mkono wa kulia tu. Nimekaa miezi miwili najiuliza, mtoto huyu kajifunza wapi vibaya namna hii." Akakigusa kwa kalamu. "Ijumaa nimempa mkono mgeni wa meza ya nne."

Niliutazama mkono wangu. Miaka yote nilikuwa naongea kwa kidole cha baba yangu kilichokatika, na sikuwa najua.

"Ni nani wako?"

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Machozi yakaniwahi, mwanaume mzima na ndevu zangu tatu.

Akanisogezea karatasi. Ilikuwa ya alama, mwandiko wa baba. Kila mstari kanipa kumi. Chini, kwenye nafasi ya maoni, alikuwa ameandika: *Kijana mzuri. Anajifunza haraka. Nyumbani kwao bila shaka wanajivunia.*

Baba yangu, ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa bwana kodi, alikuwa amedanganya kwa ajili yangu.

Kimeumana sasa. Nikapelekwa kwa Bi. Pruitt, akaitoa fomu yangu kwenye kabati, akaigeuza upande wa nyuma, akaniambia nisome kwa sauti. Yale maandishi madogo.

*Mwanafunzi ambaye lugha hii inatumika nyumbani kwake hataingia darasa la wanaoanza. Atafanya mtihani mmoja wa kupima kiwango. Akifaulu, atahesabiwa miaka miwili.*

Nikasoma tena.

Mtihani mmoja. Mchana mmoja. Ningeweka tiki kwenye ndiyo, ningemaliza lugha Februari ile ile, na nafasi ya fizikia ingebaki wazi.

"Niambie umeelewa ulichokifanya," Bi. Pruitt akasema.

"Nimeelewa, mama."

"Muhula wako wa ishara umefutwa. Huna lugha. Fizikia imeshasonga mbali, hawakupokei. Maombi ya chuo yanafungwa wiki tatu zijazo." Akavua miwani. "Iliyobaki ni huo mtihani. Lakini hauufanyi bila mzazi kuweka sahihi, na sahihi yako wewe nimeshaiona. Namtaka baba yako hapa, mwenyewe."

Baba akaja Jumatano, na shati lile lile la bluu. Bi. Adair alikuwa na kipindi, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

Mkalimani nimekuwa tangu nina miaka sita. Benki, hospitali, kwa fundi wa gari. Na nikwambie siri: nilikuwa nachakachua. Mwalimu akisema Colin ni msumbufu, mikono yangu inasema Colin anajitahidi. Nani angejua?

Bi. Pruitt akasema: "Mwambie baba yako kwamba uliandika nyumbani kwenu hakuna anayetumia lugha hii. Mwambie umeghushi sahihi yake. Mwambie tulidhani ni dereva wa malori."

Chumba kizima anayejua ishara ni mimi na baba. Ningeweza kusema mama huyu anakushukuru kwa kuja. Mikono ilishaanza kuelekea huko, nakuapia.

Baba alikuwa ananisubiri. Anatazama mikono yangu, sio uso wangu.

Nikamwambia yote. Neno kwa neno. Hata malori.

Akaiomba fomu, akaitazama sahihi yangu kwa muda mrefu.

"Mwambie mama huyu," akasema, "hii ni nzuri kuliko yangu."

Nikatafsiri. Bi. Pruitt alitaka kucheka akashindwa.

Baba akachukua kalamu. Kwenye fomu ya mtihani kulikuwa na swali: *Ni nani wanaotumia lugha hii nyumbani?* Akaandika pole pole, kwa mkono wake wa vidole vinne: *Mimi na mwanangu.*

Akaweka sahihi. Akanipigapiga begani, akaondoka kwenda kulala.

Mtihani niliufanyia kule klabu. Mtahini alikuwa katibu wao, Bi. Thelma, bibi wa miaka sabini na kitu. Nikamkumbuka. Siku ile alikuwa meza ya tano, ubavuni kwetu kabisa.

Nilipoingia, hakuniuliza jina. Alinyanyua kidole akagusa shavu lake la kushoto.

Jina langu. Jina la nyumbani.

"Umelijuaje?" nikamuuliza.

"Geuka," akaniambia.

Nyuma yangu kulikuwa na ubao wa matangazo. Katikati ya tangazo la chakula cha jioni na picha ya wajukuu wa mtu, kulikuwa na karatasi ya shule. Ratiba yangu. Ile ambayo shule inaituma nyumbani kwa posta mwezi wa Agosti. Siku hiyo sikuwahi sanduku la barua.

Mstari mmoja ulikuwa umezungushiwa wino mwekundu. *Lugha ya Ishara, 1.*

"Aliileta mwenyewe," Bi. Thelma akasema. "Alizunguka nayo meza kwa meza. Mwanangu kaichagua lugha yangu, shule nzima, kaichagua yangu. Tukamuuliza, mbona ngazi ya kwanza? Akasema labda shule haina nyingine. Akasema hujamwambia kwa sababu unataka kumshtukiza siku ya kuhitimu."

Nikakaa. Sikuambiwa nikae.

"Barua ya mwalimu ilipokuja tulijitolea watu thelathini, alitaka kumi. Hizo namba, mimi ndiye niliyebeba boksi. Wenzako waliotangulia waliokota zao. Nne tuliitunza. Ilipofika zamu yako tukakuwekea nne tupu, zikajaa boksi."

"Kwa hiyo wote..."

"Wote kumi tulikuwa tunakujua, picha zako alishatuonyesha. Tulikuja kumwona mtoto wa Leo."

Kumi. Meza zote. Walikuwa wameniona nikimpa baba yangu mkono kama mgeni. Walimwona akijikuna shavu. Na wakajaza karatasi zao, wakatabasamu, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyenichoma kwa mwalimu.

"Kwenye gari la kurudi hakusema kitu," Bi. Thelma akaendelea. "Nasi hatukumuuliza. Haya, futa uso. Mtihani. Swali la kwanza." Akaninyooshea kidole. "Baba yako anafanya kazi gani?"

Nikajibu. Nilimweleza kuhusu mtambo, karatasi, wino unaobaki kwenye kucha, zamu ya usiku, mayai ya asubuhi. Nilitumia vidole vyangu vile nilivyofundishwa, na cha mwisho kimekunjwa. Hakunisahihisha.

Nilifaulu. Miaka miwili ya lugha, nikaipata kwa dakika arobaini.

Chuo kilinikataa. Barua ilikuja Machi, ya kistaarabu kweli kweli: alama zako nzuri, lugha unayo, tunasikitika hatuoni fizikia. Fizikia niliisoma mwaka uliofuata kwenye chuo kidogo cha mjini kwetu, usiku naosha vyombo mgahawani. Uhandisi niliupata, nimechelewa miaka miwili. Hilo silijutii sana. Fizikia inasubiri mtu.

Kinachonila ni ile ratiba.

Baada ya mtihani nilimkuta baba uani anafuta theluji kwenye gari. Nikamwambia nimefaulu. Akafurahi, akanikumbatia. Nikamwambia nimeiona karatasi kule ubaoni.

Akaacha kufuta. Nilidhani sasa ndipo atanipa zangu.

"Niliisoma vibaya," akasema. "Nilidhani ni zawadi yangu."

Akarudi kufuta kioo.

Nikampokonya brashi nikafuta mimi, nalia, pua inatiririka, na maneno ya kusema sikuwa nayo katika lugha yoyote ile.

Baba sasa ni mstaafu. Alinisamehe zamani, hata hakumbuki, au anasema hakumbuki. Jumamosi namchukua tunaenda klabu, mimi na mke wangu na binti yetu. Binti yangu ana miaka minne. Anasikia vizuri, vidole vyake kumi vimekamilika. Ijumaa akitaka tambi, anakunja kile cha mwisho cha mkono wa kulia.

Sijamsahihisha.

Wewe unayejaza fomu mwaka huu, masomo chagua unayotaka, mimi si mshauri wako. Ila ukifika kwenye lile swali la nyumbani kwenu kuna nani na wanaongea nini, andika ukweli, tena kwa herufi kubwa. Kuna mzee mahali anaisubiri hiyo karatasi aizungushie wino mwekundu.